Sebule ndogo, watu saba: namna ya kupima, kuagiza na kupanga fanicha ili chumba kionekane kikubwa

Mama mdogo wangu alipohamia nyumba yake ya Mbagala, sebule ilikuwa tupu, futi 12 kwa 12. Siku ile tulitandika mkeka, tukakaa watu kumi na mmoja tukala pilau, na watoto bado walipata pa kukimbizana. Wiki tatu baadaye ikaletwa seti yake ya sofa, ya watu saba, pamoja na shokesi na meza ya kioo. Tulipokwenda kumpongeza tulikuwa watano tu, na kila aliyetaka kwenda msalani ilibidi wawili wavute miguu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hivi hii sebule ndiyo ile ile?"

Ndiyo ile ile. Kilichobadilika ni kile ambacho jicho linakutana nacho likiingia. Hakuna mgeni anayekuja na futi kamba mfukoni. Anakipima chumba kwa sakafu anayoiona, kwa umbali ambao macho yake yanafika kabla ya kugonga kitu, na kwa namna mwili wake unavyopita bila kujibana. Fanicha ndiyo inayoachia au kuziba mambo hayo matatu. Tangu siku hiyo nimepima sebule nyingi za ndugu na majirani, na ninachoamini ni hiki: nyingi tunazoziita ndogo zinatosha kabisa, ila fanicha zake zimechongwa kwa vipimo vya nyumba nyingine.

Bahati nzuri, wengi wetu hatununui sofa iliyokwisha kufungwa kwenye boksi. Tunaagiza kwa fundi, awe Keko hapa Dar es Salaam, au Gikomba na kandokando ya Ngong Road kule Nairobi. Mbao haijakatwa bado. Kipimo kinaweza kubadilishwa kwa kalamu tu, na mwongozo huu unaanzia hapo.

Hatua ya kwanza: pima, kisha piga hesabu ya sakafu

Pima urefu na upana wa chumba, kimo cha dari, upana wa kila mlango na upande unaofungukia, kimo kutoka sakafuni hadi chini ya dirisha, na mahali soketi zilipo. Mafundi wengi wanazungumza futi na inchi, maduka mengi yanazungumza sentimita. Andika vyote viwili msije mkapishana. Inchi moja ni sentimita 2.54, futi moja ni sentimita 30.5.

Sasa hesabu. Sebule ya futi 12 kwa 12 ni mita 3.66 kila upande, yaani mita za mraba 13.4. Seti ya mama mdogo ilikuwa hivi: sofa ya watu watatu, sentimita 220 kwa 95, ya wawili, 165 kwa 95, na mbili za mtu mmoja mmoja, 105 kwa 95. Zidisha, jumlisha, unapata mita za mraba 5.65. Ongeza meza ya kioo ya 120 kwa 60, stendi ya TV ya 180 kwa 45 na shokesi ya 120 kwa 45, unafika 7.7. Hiyo ni karibu asilimia 58 ya sakafu yote. Kilichobaki nacho kimekatwa vipande: pembe nyuma ya sofa, kichochoro mbele ya stendi, na ile nusu duara ya mlango unapofunguka. Hakuna mahali hata pamoja ambapo jicho linaona sakafu ikienda moja kwa moja mpaka ukutani.

Mimi hulenga theluthi moja. Fanicha zikikaa ndani ya theluthi moja ya sakafu, chumba cha ukubwa huo kinaonekana kina nafasi. Zikivuka nusu, hakuna rangi wala kioo kitakachokiokoa. Hicho ni kipimo changu cha kazi, nimekipata kwa kupima vyumba. Kwako kinaweza kusogea kidogo kulingana na umbo la chumba na idadi ya milango.

Hatua ya pili: simama mlangoni

Mgeni akishapiga hodi na kukaribishwa, huwa anasimama kidogo kizingitini akivua viatu. Hapo ndipo hukumu ya chumba inapotolewa. Simama hapo wewe, piga picha kwa simu ikiwa kwenye kimo cha macho yako, kwa kamera ya kawaida. Usitumie ile lenzi pana, kwa sababu inavuta kuta mbali na chumba kinaonekana kikubwa kuliko kilivyo. Picha nyingi za sebule zinazotuvutia mitandaoni zimepigwa kwa lenzi ya namna hiyo, ndiyo maana sofa tuliyoipenda kwenye picha inakuja kutuzidi nyumbani.

Itazame picha na ujibu maswali matatu. Sakafu inakatizwa wapi kwa mara ya kwanza? Kitu kirefu kuliko vyote kiko wapi? Pembe ya mbali kabisa inaonekana?

Kama jicho linakatizwa ndani ya hatua moja, chumba kimekwisha kuonekana kidogo kabla mgeni hajaingia. Mita ya kwanza kutoka mlangoni iache wazi. Mgongo wa sofa usiuelekeze mlangoni, kwani ni sawa na kumpa mgeni kisogo. Na kabati refu, kama lazima liwepo, lisimamishe kwenye ukuta ule ule wenye mlango. Anayeingia hulipita bila kuliona, halafu macho yake yanakwenda moja kwa moja upande wa pili.

Hatua ya tatu: chaki na kanga, kabla ya kwenda kwa fundi

Chora kila kipande sakafuni kwa chaki, kwa vipimo vyake halisi. Kama sakafu ni ya vigae na hutaki kuichora, tumia kanga. Kipande kimoja cha kanga kina takriban mita 1.5 kwa 1.1, ukikikunja upana ukawa sentimita 80 unapata sofa ya watu wawili, na ukiunga kingine kilichokunjwa nusu umepata ya watatu. Tandika, kisha ishi nacho siku mbili. Beba sinia la chai upite. Mpitishe mtoto. Fungua milango yote na madirisha. Fagia.

Njia kuu, ile ya kutoka mlangoni kwenda jikoni au vyumbani, iwe na sentimita 75 hadi 90. Kati ya sofa na meza ya katikati, 40 hadi 45 zinatosha: mtu ananyoosha mkono anafikia kikombe, na mwenzake anapita bila kugonga ugoko. Ukiona unakanyaga kanga kila unapopita, hapo ndipo ambapo ungekuwa unajigonga kila siku kwa miaka kumi.

Hatua ya nne: mikono, egemeo, kina, miguu

Hapa ndipo chumba kinapopatikana au kupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Anza na mikono ya sofa. Mingi inayotengenezwa sasa ni minene, ya mviringo, imejazwa sponji, inchi 10 kila mmoja. Seti ya vipande vinne ina mikono minane. Nane mara inchi 10 ni inchi 80, zaidi ya mita 2 za ukuta zinazokaliwa na mikono peke yake, na hakuna mgeni anayekaribishwa juu ya mkono wa sofa. Mwambie fundi aifanye inchi 4. Lakini mkono mwembamba bado unabeba uzito wa mtu anayeushika ili ainuke, kwa hiyo ndani yake kuwe na mbao ngumu, mninga, mkongo au mtiki, iliyochomekwa na kugundishwa vizuri. Vipande vya msonobari vilivyopigiliwa misumari vitaanza kucheza mapema.

Egemeo ndilo linalokata ukuta. Pima tena kimo cha chini ya dirisha lako. Nyumba nyingi ni kama futi 3, yaani sentimita 91. Sofa yenye egemeo la sentimita 100 au 105 inaziba kipande cha dirisha, inazuia upepo, na inachora mstari mzito katikati ya ukuta. Jicho linauchukulia mstari ule kama mwisho wa chumba. Egemeo likishuka mpaka sentimita 78 au 80, ukuta unaonekana kuanzia chini ya dirisha kwenda juu, na dari linapanda. Kuna wazee na wagonjwa wanaohitaji kuegemeza kichwa, na haki yao isipotee: tengeneza kiti kimoja chenye egemeo refu, kiweke mbele ya ukuta usio na dirisha, kiwe cha babu au bibi. Kimoja hakidhuru.

Ila usiteremshe kikalio. Sofa za chini kabisa zinapendeza kwenye picha na chumba kinaonekana kirefu, lakini mtu wa magoti mabovu au mama mjamzito hainuki hapo bila kuvutwa. Kikalio kibaki sentimita 42 hadi 45 kutoka chini, mtu akiwa amekaa na sponji imebonyea. Punguza egemeo, acha kikalio. Nimeshaona familia ikinunua sofa za kisasa, bibi akaishia kukalia kiti cha plastiki ndani ya sebule yake mwenyewe; hilo haliwezi kuitwa urembo.

Kina kutoka mbele hadi nyuma, wengi wanatengeneza sentimita 95. Omba 80. Sehemu ya kukalia ibaki 52 hadi 55, unene wa egemeo uwe 18 hadi 20, kinachobaki ni mlalo wa egemeo. Watu wengi wa kimo cha kawaida wanakaa vizuri zaidi hapo, kwa sababu nyayo zao zinafika chini na mgongo unafika nyuma bila kuwekewa mito mitatu.

Kisha miguu. Hiki ndicho kitu kidogo kuliko vyote na ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Sofa iliyokaa chini kama sanduku inaimaliza sakafu pale ilipo. Sofa yenye miguu ya inchi 6 inaiachia sakafu ipite chini yake, na jicho, likiona vigae vinaendelea mpaka ukutani, linahesabu eneo lile lote kuwa ni nafasi, ingawa hakuna anayeweza kusimama pale. Miguu iingizwe ndani kidogo kutoka ukingoni, isionekane kama nguzo. Sofa ya watu watatu iwe na mguu wa tano katikati, usipoweka fremu itabonyea. Kitambaa kinachoning'inia kuzunguka chini kiondolewe. Ukipata miguu, unapata na pa kupitisha ufagio na dekio, na mchwa wakianza kupanda utawaona mapema. Sharti lake ni moja: pale chini pabaki tupu. Ukisukumia maboksi na viatu vya shule, umeijenga upya ile sanduku.

Ngoja tuijumlishe sebule ile ile kwa vipimo vipya. Sofa moja ya watu watatu, 200 kwa 80. Viti viwili vyenye mikono iliyo wazi, 65 kwa 75 kila kimoja. Stuli mbili za duara, kipenyo sentimita 40. Meza ya duara ya kipenyo cha 70. Rafu ya TV ya 140 kwa 35. Jumla ni kama mita za mraba 3.7, karibu asilimia 28 ya sakafu. Na waliokaa ni watatu, wawili na wawili: bado ni watu saba.

Heshima ya mgeni bila unene wa kiti

Najua pingamizi linalokuja, kwa sababu fundi mmoja aliniambia waziwazi: "Dada, sofa nyembamba watu wataona umeishiwa." Sofa kubwa kwetu ni heshima ya mwenye nyumba na ya mgeni, na mimi silidharau jambo hilo. Lakini pwani yetu ilikuwa na jibu zamani.

Angalia kiti cha enzi, kile cha Lamu, Pate na Siyu. Ni kiti kikubwa, kirefu, cha mti mweusi, kimepambwa kwa njumu za pembe za ndovu, kina pa kuwekea miguu, na kilitolewa kwa mgeni wa heshima. Ila sehemu za egemeo na mikono zimesukwa kwa kamba au henzirani, hivyo hewa na mwanga vinapita katikati. Kimo chake kinampa mgeni hadhi, na bado hakizibi ukuta ulio nyuma yake. Heshima imewekwa kwenye kazi ya mikono na kwenye kusimama wima, wala haikuhitaji sponji ya inchi 10.

Waliokitumia waliishi katika vyumba vyembamba kuliko vyetu. Dari za nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kurefushwa, kwa hiyo chumba kinaweza kuwa kirefu utakavyo lakini upana wake hauzidi mita 3 hivi. Wenyewe walijua kuucheza wembamba ule. Katika nyumba za Lamu ukuta wa ndani ulichongwa zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vitu, safu juu ya safu, zikawekwa sahani na bakuli za kaure. Ukuta mtupu unalisimamisha jicho. Ukuta wenye vishimo vya kivuli unaliacha liingie ndani zaidi, na chumba kinapata kina ambacho mawe yenyewe hayakukitoa. Baraza za mawe nazo ziliungwa na ukuta, watu wanakaa wengi na hakuna mguu wa kiti wa kumkwaza mtu.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi na unataka hadhi, omba kiti chenye egemeo la fito au la kusuka, mbao iliyopigwa msasa ikatakata, vanishi isiyometameta kupita kiasi. Mgeni ataona kazi, na ataona ukuta nyuma ya kazi.

Hatua ya tano: usivibandike viti vyote ukutani

Chumba kikiwa kidogo, mkono wa kwanza ni kusukuma kila kitu ukutani ili katikati pabaki wazi. Matokeo yake sebule inafanana na chumba cha kusubiri daktari: watu wamepangwa mstari, anayetaka kuzungumza na aliye pembeni yake anapinda shingo, na aliye ng'ambo anapaza sauti. Mwisho wote wanaitazama TV.

Jambo hili lilichunguzwa hospitalini huko Saskatchewan, Kanada, miaka ya 1950. Daktari Humphry Osmond alikuwa na wodi ya wanawake wazee iliyokarabatiwa ikapendeza, lakini wagonjwa walikaa kimya kutwa kucha, viti vimepangwa kando ya kuta. Mwanasaikolojia Robert Sommer akaviondoa ukutani, akavizungusha kwenye meza ndogo ndogo. Baada ya wiki chache mazungumzo kati ya wagonjwa yalikaribia kuwa mara mbili. Wodi ilikuwa ile ile na watu wale wale. Osmond akatoa majina kwa aina mbili za mpangilio, ule unaowavuta watu pamoja na ule unaowatawanya.

Kwa sebule yako, sofa ndefu ikae ukutani, hapo haina ubaya. Viti viwili visogeze mbele kutoka ukutani kwa upana wa kiganja au zaidi, uvigeuze kidogo vikabiliane na sofa, nyuso za wanaozungumza zikae mita moja na nusu hadi mbili na nusu. Ule ufa wa nyuma ya kiti ni mdogo, lakini kivuli chake kinaliambia jicho kwamba ukuta uko mbali zaidi. Viti viwe vyepesi vya kubebeka na mtu mmoja. Siku ya hitma, msiba au arusi, sebule ya Mswahili hugeuka ukumbi wa mikeka, na kila kitu lazima kitoke nje asubuhi moja.

Hatua ya sita: shokesi, TV na meza

Shokesi ni jambo la moyo. Ndani yake kuna vikombe vya arusi, picha ya mahafali, birika aliloacha marehemu. Sisemi uitupe. Tatizo lake ni kina cha sentimita 45 na kimo kinachogusa dari. Vitu vile vile vinakaa vizuri kwenye rafu za ukutani zenye kina cha 20, ambazo zinafanya kazi ya zidaka. Zidaka zenyewe usizichimbe kwenye nyumba ya tofali za inchi 6, ukuta ule hauna unene wa kutosha.

Mtu aliyekaa, macho yake yako kama sentimita 110 kutoka chini. Katikati ya kioo cha TV pakae karibu na hapo, au chini yake kidogo. Rafu iliyo chini yake iwe ndefu na fupi kwa kimo, sentimita 40 hivi, ya miguu au ya kufungwa ukutani. Mstari mrefu ulio chini unaunyoosha ukuta. Kabati la TV linaloujaza ukuta wote mpaka juu linausogeza mbele, na mita nzima inapotea machoni.

Meza ichague ya duara. Haina pembe za kukata njia, na watoto hawapasuki paji la uso. Kuna ushahidi pia kuhusu mikunjo: mwaka 2013 Oshin Vartanian na wenzake walionyesha watu picha za vyumba, na vile vyenye mistari ya kupinda vilihesabiwa kuwa vizuri zaidi kuliko vyenye pembe kali, ingawa havikuwafanya watu watake kuingia zaidi. Kioo juu ya meza kinasaidia kuonyesha sakafu, mradi usikifunike kwa vitambaa vitatu na maua ya plastiki.

Rangi, kitambaa, dari, zulia

Sofa yenye rangi iliyo karibu na ya ukuta inajificha. Yenye rangi inayopingana nao inajitokeza na inaonekana kubwa zaidi. Ukuta wa krimu na sofa ya kahawia iliyokolea ni kama jiwe katikati ya uwanja. Chukua rangi ya mchanga, kijivu cha joto au kijani kilichopoa, rangi kali ziweke kwenye mito miwili na kanga ya mezani. Maua makubwa kwenye kitambaa yanakikuza kiti. Ngozi bandia sipendi kuishauri Dar, Tanga wala Mombasa: mwezi wa pili inaganda mgongoni, na baada ya miaka michache inabanduka.

Dari lipake rangi nyeupe au inayokaribia. Mwaka 2010 Daniel Oberfeld na Heiko Hecht wa Chuo Kikuu cha Mainz, Ujerumani, pamoja na mwenzao Matthias Gamer, walipima jinsi watu wanavyokadiria kimo cha chumba. Dari la rangi nyepesi lilionekana liko juu zaidi, kuta nyepesi nazo zikaongeza, lakini rangi ya sakafu haikubadilisha kitu. Kwa hiyo sakafu yako nyekundu ya saruji usiilaumu. Kinachonisikitisha ni dari za gipsamu za ngazi tatu na taa za bluu katika nyumba zenye dari la futi 9. Ngazi hizo zinakula sentimita 15 hadi 20, na pesa iliyotumika ingetosha kununua miguu ya sofa zote za mtaa.

Watafiti wa Mainz walirudi kwenye suala la fanicha mwaka 2014. Katika vyumba vidogo vya mfano, chumba chenye fanicha kilionekana kina dari la juu zaidi kuliko kitupu lakini chenye nafasi ndogo. Walipojaribu kwa vyumba vilivyotengenezwa kwa kompyuta, tofauti hiyo haikutokea. Ninalitaja ili usidhani kuna kanuni moja ya uhakika. Chaki ya hatua ya tatu ndiyo utafiti wa chumba chako.

Zulia liwe kubwa kiasi kwamba miguu ya mbele ya viti vyote inalikanyaga. Zulia dogo katikati ni kama leso iliyodondoka. Fimbo ya pazia ipandishe karibu na dari, pazia ifike chini. Kioo cha ukutani kikabili dirisha, na kama mnaswali sebuleni, kisiwe upande wa kibla. Usiku, taa ndogo kwenye pembe ya mbali inaitoa pembe hiyo gizani, na chumba kinairudia pembe yake ya nne.

Kama seti kubwa unayo tayari

Usiiuze kwa hasira. Mama mdogo alimwita fundi nyumbani, akabomoa mikono ya sofa ya watu watatu na ya wawili akaifanya ya inchi 4, akashusha maegemeo, akafunga miguu. Viti vya mtu mmoja mmoja vikahamia chumbani, mahali pake vikaja viwili vya fito. Shokesi iko koridoni. Gharama yake ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na seti mpya, kwa kuwa fremu ilikuwa ya mkongo na nzima.

Hatua ya mwisho: karatasi ya fundi

Usiende na picha ya simu pekee. Andika kwenye karatasi, saini wote wawili, kila mmoja abaki na nakala: urefu wa jumla, kina cha jumla, kimo cha egemeo, kimo cha kikalio mtu akiwa amekaa, upana wa mkono, kimo na idadi ya miguu, aina ya mbao, na rangi ya kitambaa kwa kipande ulichokikata dukani. Andika pia upana wa mlango wako. Sofa ya egemeo la 80 inapita kwenye mlango wa 85 ikilazwa ubavu; ya 105 nimeiona ikipitishiwa dirishani baada ya kung'oa nondo.

Omba kuiona fremu kabla haijavishwa sponji na kitambaa. Nenda na futi kamba, pima kila kimoja, ikalie, itikise, kaza macho kwenye viungo. Kosa likionekana hapo linarekebishwa kwa msumeno. Likionekana nyumbani, mtagombana. Siku ya kuleta, michoro ya chaki iwe bado sakafuni, waelekeze wabebaji kila kipande kwenye mstari wake, kisha rudi kizingitini upige ile picha tena. Chaki ifute ukisharidhika na picha.